Fomu ya Samaki Niliyomjazia Simiyu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Mkuu wa Maabara, mzee mrefu ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi, alinitazama kuanzia kichwani akashuka hadi miguuni, akaguna. "Binti," alisema, "sisi tunamfuata samaki mpaka topeni. Hivyo viatu vipeleke kanisani." Akanitupia gambuti zilizonizidi saizi mbili na koti jeupe lenye doa la dawa kifuani. Gambuti zilinichubua wiki nzima. Koti, sitawaficha, nililipenda papo hapo. Nilikuwa nikirudi nalo nyumbani Kibomet, na watu wa dukani wakawa wananiita daktari. Sikuwa daktari. Nilikuwa fundi wa maabara mwenye stashahada, lakini sikumsahihisha hata mmoja wao.

Hiyo ilikuwa Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii leo mnaitia mashine sampuli asubuhi, na mkitoka kunywa chai mnakuta majibu kwenye kompyuta. Mmeniomba niwaeleze tulivyofanya sisi. Nitawaeleza, ila msitarajie hadithi ya kujisifu. Kuna jambo linanitafuna moyo tangu wakati ule, na nimeamua nilitoe lote, hata mkinidharau.

Mradi wetu ulishughulikia tilapia, wale samaki ambao wengi huku wanawaita ngege. Wakulima walikuwa wamegawiwa madume makubwa ya mbegu bora, lakini vifaranga waliozaliwa bwawani walidumaa, wakabaki urefu wa kidole. Wakulima wakaanza kunung'unika kwamba wamechezewa. Kwa hiyo swali letu lilikuwa moja tu: baba wa vifaranga hawa ni nani?

Ni lazima mjue tilapia anavyoishi, maana nimekutana na watu wa digrii ambao hawajawahi kumwona akichimba. Dume huchimba shimo la duara kwenye sakafu ya bwawa, pana kama sufuria ya harusi, na huchimba kwa mdomo, akitema mchanga pembeni. Shimo hilo ndilo kiota chake, na hulilinda kwa vita. Jike akimpenda hushuka shimoni akataga, dume akamwaga mbegu zake juu ya mayai, kisha jike huyaokota mayai yote mdomoni na kwenda zake. Huyatunza humo mdomoni siku kadhaa, hali kitu. Ukitazama kwa macho utasema mambo ni wazi, mwenye shimo ndiye baba.

Sisi hatukutakiwa kutazama kwa macho. Kila kiumbe hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Ndani ya vinasaba mna sehemu ambapo herufi chache hujirudiarudia, kama mtu mwenye kigugumizi anayekwama kwenye neno moja. Samaki huyu hujirudia mara kumi, yule mara kumi na nne. Sehemu hizo tuliziita vialama. Kifaranga akiwa na kialama ambacho mama hana, basi amekipata kwa baba, na dume asiye nacho huyo si baba. Ukitumia vialama kadhaa pamoja, madume yote yanaondoka kwenye orodha hadi anabaki mmoja.

Kusema ni rahisi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Unakokota wavu, unamkamata samaki, unakata kipande cha pezi la mkia kidogo kama ukucha, unakitia kwenye kichupa cha spiriti, unaandika namba. Mkuu wa Maabara alikuwa mkali sana kuhusu namba. "Samaki asiye na namba ni mboga," alikuwa akisema, na kweli, kichupa kisicho na namba alikimwaga mbele yako bila huruma. Ukifika maabara unayeyusha pezi, unavuta vinasaba, unaongeza vianzishi. Hivi ni vipande vidogo vya vinasaba vilivyotengenezwa makusudi kushika sehemu moja tu ya tilapia, kama ufunguo wa kufuli moja. Mashine inapasha moto na kupoza, inapasha na kupoza, mpaka ile sehemu izidishwe vya kutosha. Kisha unaimwaga kwenye jeli, unapitisha umeme, unaiweka juu ya taa ya zambarau, na mistari inajitokeza. Umeme wa Kitale ukikatika katikati, unatupa yote unaanza upya. Siku nyingine nililia hapo hapo kwenye meza.

Baada ya mwaka mmoja nilipelekwa Bungoma. Maabara ilibaki Kitale, lakini mabwawa ya majaribio yalikuwa katika bonde moja upande wa kutokea Chwele, na alihitajika mtu wa kukaa huko nusu ya kila mwezi. Hapo ndipo nilipokutana na Simiyu na familia yake.

Simiyu alikuwa mtunza mabwawa. Alikuwa mtu mkimya, mwenye mabega mapana na masikio makubwa yaliyosimama, na kwa kazi hakuwa na mfano. Alijua kila shimo la kila dume. Alikuwa akiniambia, "Daktari, yule wa kona amehama," na kweli ukienda unakuta amehama. Mkewe, Nekesa, alitupikia wafanyakazi. Mwanamke wa maneno mengi na kicheko, ugali wake ulikuwa mgumu kama tofali na tuliula wote bila kubaki. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Meshaki. Wakati ninaoueleza alikuwa na miaka kama kumi na minne, na nyuma yake walikuwepo wasichana wawili.

Majibu yalipoanza kutoka, hatukuyaamini. Ndani ya mdomo wa jike mmoja tulikuta vifaranga wa baba wawili, hata watatu. Mkuu wa Maabara alitazama jeli, akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Mara ya tatu akaketi. Ndipo tulipoelewa kwamba kulikuwa na madume madogo, yenye rangi ya kike, ambayo hayachimbi wala hayapigani. Yanapita karibu na shimo kama jike mwingine tu, na wakati wa kutaga yanaingia haraka, yanamwaga mbegu zao, yanatoka. Mwenye shimo anaendelea kulinda. Na vifaranga wa yale madogo ndio waliojaza mabwawa.

Msimamizi wa Mradi alifurahi mno. Huyu alikuwa mkubwa wetu sote, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Aliagiza ifanyike siku ya wakulima pale mabwawani, na akasema mimi ndiye nitakayeeleza. "Wewe unajua kuongea na watu," aliniambia. "Usiwachoshe na sayansi. Wachekeshe kidogo."

Basi nikawachekesha. Nilisimama kwenye ukingo wa bwawa na koti langu jeupe, nikawaambia kuhusu bwana mkubwa mwenye shimo. Anajenga, analinda, anafukuza majirani, halafu watoto ni wa jirani! Wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Nikaongeza kwamba siku hizi hakuna siri, kipande cha mkia tu na sisi tunamtaja baba. Makofi. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Simiyu alikuwa amesimama ndani ya maji, maji yakimfika magotini, ameshika wavu. Hakucheka. Akauliza kwa sauti ya kawaida, "Na mtu je, Daktari?"

Kama ningekuwa na akili siku ile ningesema mambo ya watu siyajui. Lakini makofi yalikuwa yamenipanda kichwani. "Mtu ni vilevile," nilisema. "Hata unywele mmoja unatosha." Hilo lilikuwa kweli kwa sayansi, kwa maabara fulani za mbali. Kwetu halikuwa kweli hata kidogo, maana vianzishi vyetu vilikuwa vya tilapia, na ukivitia kwa mtu jeli inabaki tupu.

Wiki tatu baadaye Simiyu alikuja Kitale, mpaka mlangoni pa maabara, amevaa koti lake la kanisani. Aliingia akavua kofia. Alisubiri Mkuu wa Maabara atoke, kisha akatoa mfukoni karatasi ya sukari iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na nywele, vifungu viwili vilivyofungwa kila kimoja na uzi wake.

"Hii ni yangu," alisema, "na hii ni ya Meshaki. Nilimnyoa juzi."

"Simiyu, unataka nini?"

"Mwaka huu ni wa kutahiri, Daktari. Mwezi wa nane umekaribia. Kijana ameanza kutaka njuga zake. Lazima nisimame kwa boma yangu niseme huyu ni wangu, mbele ya ndugu zangu na mbele ya wenye walikufa. Sasa ndugu zangu wanasema nitasimamia mtoto ya mtu mwingine."

Akanieleza. Miaka ile Meshaki alipozaliwa, yeye alikuwa akikata miwa Mumias, akija nyumbani mara chache. Ndugu zake walihesabu miezi wakasema haijai. Nekesa aliapa kwamba mtoto ni wa Simiyu. Simiyu alikuwa ameishi na maneno hayo miaka yote kumi na minne, akimlisha kijana, akimsomesha, akinyamaza. Ila kutahiriwa kwa Wabukusu, kwa wale msiojua, si kukatwa tu. Kijana huenda kwa wajomba zake, kisha kesho yake alfajiri hupakwa tope mtoni, hupandishwa kwa nyimbo hadi uani kwa baba yake, na hapo ndipo husimama. Uani kwa baba. Asiyekuwa na uwanja wa baba wa kusimama hana ukoo, na atatajiwa hilo mpaka siku anazikwa.

"Simiyu, hii mashine ni ya samaki," nilimwambia. "Haiwezi."

"Si ulisema mtu ni vilevile? Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema, lakini..."

"Daktari, usinizungushe. Kama hutaki kupima, sawa. Nitajua kuna kitu mnaogopa. Huyu mama na kijana wake watarudi kwao kabla ya mwezi wa nane. Siwezi kusimama hapo nikiwa mjinga wa kijiji."

Alisema bila kupandisha sauti, na nikajua atafanya hivyo hivyo. Nikamwona Nekesa akifungasha sufuria zake. Nikamwona yule kijana. Nikasema, "Acha hizo nywele. Urudi baada ya wiki mbili."

Sikumwendea Nekesa kumuuliza chochote. Hilo ni kosa nililofanya kabla ya kosa lenyewe. Nilijiona nina uwezo wa kuokoa nyumba ya watu kwa neno moja, sasa ya nini kuulizana? Nywele nilizitupa kwenye pipa la taka siku hiyo hiyo, na kwa wiki mbili nilifanya kazi zangu za samaki nikiwa na amani moyoni. Amani, nawaambia! Nilijipongeza.

Simiyu aliporudi nikamwambia, "Mtoto ni wako." Akasema, "Nipe karatasi." Nikachukua karatasi nyeupe nikaandika mstari mmoja. Akaisoma polepole, maana alikuwa amesoma kidogo, akairudisha mezani. "Hii haina muhuri. Hii ni ya kufungia mandazi."

Muhuri wa maabara ulikuwa haugongwi popote ila kwenye fomu zetu za matokeo, na Mkuu wa Maabara alizihesabu kurasa. Ile fomu ilikuwa na nafasi zake zilizochapishwa: Bwawa namba. Dume. Jike. Kifaranga. Maoni ya fundi. Nilisita, kweli nilisita. Kisha nikaijaza. Kwenye dume nikaandika Simiyu. Kwenye jike nikaandika Nekesa. Kwenye kifaranga nikaandika Meshaki. Kwenye maoni nikaandika kwamba vialama vyote vinalingana. Nikagonga muhuri. Niliwaza, huyu ataifungia sandukuni, nani ataisoma? Simiyu aliikunja mara nne, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, na akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa. Mtu mzima yule, alilia mbele yangu kwa furaha.

Mwezi wa nane ukaingia. Nikapata habari kwamba kijana amepewa njuga na anazunguka kwa jamaa kuwaalika. Nekesa alinitumia salamu, ati nisikose, kuku wangu ameshachaguliwa.

Yaliyotokea Chwele niliyasikia kwa wafanyakazi wenzake waliokuwepo. Siku ya soko, siku tatu kabla ya tohara, Simiyu alikwenda kuuza dume la ng'ombe. Ndugu zake walikuwa hapo penye mifugo, na mmoja wao akaanza yale maneno yake ya siku zote. Simiyu akaona sasa ni wakati. Akatoa karatasi. "Nyinyi mnasema mdomo tupu, mimi niko na muhuri!" Kulikuwa na mwalimu mstaafu amesimama karibu, wakampa aisome kwa sauti ili kila mtu asikie. Mwalimu akaisoma ilivyo, neno kwa neno, kama alivyozoea kusoma imla. "Bwawa namba, wazi. Dume: Simiyu. Jike: Nekesa. Kifaranga: Meshaki."

Wanasema soko la mifugo lote lilicheka. Watu waliacha ng'ombe wao wakaja kusikia isomwe tena. Mtu mmoja akauliza kama Simiyu anakaa kwenye bwawa la juu au la chini. Mwingine akasema, basi hata yule wa kuingia shimoni tulifundishwa habari yake siku ya wakulima! Simiyu alinyakua karatasi akaondoka, ng'ombe akamwacha amefungwa hapo hapo.

Kesho yake alikuwa Kitale. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Msimamizi wa Mradi. Mimi niliitwa baadaye, Simiyu akiwa ameshaondoka. Fomu ilikuwa mezani, imekunjuliwa.

"Tangu lini ofisi yangu inapima watoto wa watu?" Msimamizi aliuliza.

"Sikupima, bwana. Niliandika tu."

"Uliandika tu. Na muhuri wangu ukagonga tu." Alitoa kalamu mfukoni akairudisha. "Nimemwambia ukweli huyo mtu. Nimemwambia hii mashine haijawahi kupima binadamu na haiwezi. Ningemwambia nini kingine?"

Hakukosea. Mpaka leo sijapata cha kumlaumu. Mtu aliuliza swali akajibiwa kweli.

Niliomba ruhusa nikakataliwa, na nikaenda hivyo hivyo. Nililala kwa mfanyakazi mmoja pale mabwawani, na kulipoanza kupambazuka siku ya tohara nilikuwa langoni kwa Simiyu. Alikuwa amelifunga kwa gogo, na nyuma ya gogo amesukuma mkokoteni. Uani hakukuwa na mtu. Pombe iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni ilikuwa imemwagwa, harufu yake imejaa njiani. Yeye alikuwa ameketi juu ya mkokoteni, amevaa lile koti la kanisani.

"Simiyu," nilimwambia, "nisikilize. Nilikudanganya kuhusu kupima. Sikupima kitu. Lakini hiyo haimaanishi kwamba mtoto si wako."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayenidharau. "Sasa ulidanganya ya nini? Kama mtoto ni wangu, uongo ulikuwa wa kazi gani? Mtu anadanganya kwa sababu kuna kitu anaficha. Nyinyi wanawake mnafichiana tu. Nekesa alikuambia, wewe ukamfunika."

"Nekesa hajaniambia chochote! Hata hajui!"

"Toka kwa lango yangu, Daktari."

Huko chini mtoni nyimbo zilikuwa zimeanza kupanda. Zilikuja karibu, njuga na mbinja na miguu, watu wengi, na nikasema moyoni wakifika atashindwa, atafungua. Wakafika. Meshaki alikuwa mbele, amepakwa tope kutoka kichwani hadi miguuni, macho tu ndiyo yaliyokuwa meupe. Wa mbele waliona gogo wakanyamaza, wa nyuma wakaendelea kuimba kwa kuwa hawakuona, kisha nao wakanyamaza. Kijana akasimama. Alikuwa amefundishwa kwamba akishapakwa tope hatazami kando, hapepesi macho, harudi nyuma. Kwa hiyo alisimama wima mbele ya lango la baba yake, akitazama mbele, na baba yake akamtazama kutoka juu ya mkokoteni. Tope likaanza kumkauka mwilini likapasuka.

Ngariba, yule mkataji, alisubiri, mwisho akafunga vifaa vyake. Alisema hawezi kumkata mtoto njiani kama mbuzi. Wazee walijaribu kuzungumza na Simiyu, lakini hakulitoa gogo. Nekesa, aliyekuja na waimbaji, hakuenda langoni kumbembeleza mumewe. Alijifunga leso kiunoni, akamshika mwanawe mkono mbele ya watu wote, akamwondoa. Nilitafuta pikapu ya mtu, nikawapeleka hospitali ya Lugulu. Huko walimpokea vizuri, wakamwosha tope, na kazi ikafanyika kitandani, kwa dawa ya ganzi, nyuma ya pazia. Wenzake wa rika lake walikuwa wamesimama kwenye nyua za baba zao asubuhi hiyo hiyo.

Tuliketi na Nekesa kwenye benchi la nje. Nikamwambia nilifanya vile kumsaidia.

"Nani alikuomba?" alisema. Kile kicheko chake chote kilikuwa kimezimika. "Mimi nilimwambia ukweli huyo bwana miaka kumi na minne. Mtoto ni wake, na nilimwambia hivyo kila mara bila kuchoka, na alikuwa ameshaanza kuamini. Alikuja kwako kwa sababu ya ndugu zake tu. Ungemfukuza, angenuna, angerudi. Ningemtuliza mimi, nilikuwa nimezoea. Sasa Madam, mimi nitamwambia nini tena? Ukweli wangu umeuchanganya na uongo wako, na hakuna atakayeweza kuvitenganisha. Karatasi yako ndiyo imenifanya malaya."

Hakurudi kwa Simiyu. Alikwenda kwa kaka zake na watoto wote watatu, akaishi huko.

Mimi sikufukuzwa kazi. Nilipokonywa muhuri na kuhamishiwa kupima maji ya mabwawa, ukali wake na hewa yake, na hapo nikabaki hata baada ya mradi kufungwa, nikihamishwa kituo hadi kituo mpaka umri ulipofika. Mkuu wa Maabara hakunigombeza. Siku naondoka alinipa mkono, akasema, "Ulikuwa na mikono mizuri," na akageukia jeli yake. Ningependa angenitukana. Kazi yenyewe ya samaki ilifaa, hilo niseme. Wakulima walifundishwa kuchuja madume madogo mapema kabla hayajakomaa, na nimeona mabwawa Trans-Nzoia yenye samaki wa kujaza sahani. Mara nyingine napita nikiwaona nafurahi, halafu moyo unaniuma hapo hapo.

Kustaafu kumenipa muda mwingi wa kukaa na mambo haya. Watu huniuliza kama najuta, kana kwamba kujuta ni kitu unachofanya siku moja kikaisha. Ninaamka nako. Na msiniambie nilikuwa na nia njema. Najua nilikuwa nayo, na Nekesa alikuwa akilala kwenye nyumba ya kaka yake kwa sababu ya hiyo nia yangu njema.

Nekesa alifariki miaka michache iliyopita. Kaka zake walimzika kwao, kwa kuwa Simiyu hakutuma mtu kumwomba. Nilikwenda, nikaketi nyuma kabisa kwenye hema la wageni. Meshaki ndiye aliyesimama kuongea kwa niaba ya familia. Sikuwa nimemwona tangu ile siku ya hospitali. Alikuwa mwanamume wa mabega mapana, na masikio makubwa yaliyosimama, na alipotoka kwenda kuelekeza watu, alitembea kwa mwendo ule ule wa mtu anayepita ndani ya maji ya magoti. Nilishika kiti kwa mikono miwili.

Wakati huo Simiyu alikuwa ameingia. Amezeeka, ana fimbo. Alikuja peke yake mpaka katikati ya uwanja, na Meshaki akatoka kumpokea. Walisimama uso kwa uso, na watu walionyamaza hawakunyamaza kwa heshima. Walikuwa wakitazama mmoja kisha mwingine, mmoja kisha mwingine. Hata mtoto mdogo angejua. Simiyu alifungua mdomo, akanyoosha mkono kuelekea bega la kijana.

Meshaki aliupokea ule mkono akausalimu kwa adabu, kama unavyosalimu mtu mzima usiyemfahamu. "Karibu, mzee," alisema. "Wageni wanaketi upande ule."

Akamwonyesha hema letu. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kando yangu tu. Simiyu alikuja akaketi, akaweka fimbo kati ya magoti, akatazama mbele walikokuwa wakimwombea mkewe.

"Ungesema tu hujui, Daktari," aliniambia bila kugeuka. "Nilikuwa nimezoea kutojua."